Tulikuwa Wasomaji

Mazungumzo haya niliyatoa jioni ya pili ya kongamano la vijana na wazazi wa kanisa letu hapa Bukoba. Waliokuwa zamu, waliokuwa safarini na waliouguliwa nyumbani wameomba wayapate yote, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Bwana Yesu asifiwe!

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, baba zangu na mama zangu, shikamooni. Vijana mliojaza upande wote ule wa kushoto, hamjambo? Na ndugu zetu Wakatoliki na wa makanisa mengine mliokuja kwa mwaliko, karibuni sana. Ninachotaka kusema jioni hii ni chenu sawasawa na kilivyo chetu.

Nimepewa mada ya namna ya kuanza kusoma Maandiko binafsi, nyumbani, kila siku. Mimi si mchungaji, wala sikupitia chuo cha Biblia. Mimi ni muuguzi. Nimesimama wodini miaka 34. Kwa hiyo nitazungumza kama muuguzi: nitawaeleza dawa iliyonisaidia mimi na namna inavyomezwa, maana wengi tuna dawa nyumbani na bado tunaumwa.

Nianze na swali. Watu wa kwanza kumpokea Kristo katika nchi hizi zetu, majirani zao waliwaitaje?

Mnafikiri waliwaita Wakristo? Hilo jina lilikuja, ndiyo. Lakini hapo ng'ambo tu ya mpaka, Buganda, waliitwa abasomi. Wasomaji. Na mpaka leo Mganda akitamka okusoma, huenda anazungumzia kusoma, na huenda anazungumzia kusali. Neno ni moja. Nendeni Kenya kwa Wakikuyu: waumini wa kwanza waliitwa athomi. Wasomaji vilevile. Watu wa lugha mbili, wanaoishi mbali wao kwa wao, walimtazama mtu wa imani hii mpya wakampa jina lilelile, kwa sababu walimwona na kitu kilekile mkononi.

Walikuwa wanaimba, lakini hawakuitwa waimbaji. Walikuwa wanahubiri barabarani na sokoni, lakini hawakuitwa wahubiri. Waliitwa wasomaji. Ndugu zangu, tulikuwa wasomaji.

Leo jirani yako akikutazama kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, atakupa jina gani?

Bibi yangu mzaa mama alijifunza kusoma akiwa tayari ana watoto wanne. Hakusoma ili apate kazi, maana kazi yake ilikuwa shamba la migomba, na mgomba hauulizi cheti. Alisoma kwa sababu mwinjilisti alimwambia kwamba habari za Yesu zimo ndani ya kitabu, naye hakutaka kusimuliwa maisha yake yote. Namkumbuka amekaa barazani asubuhi, jua halijashuka kwenye migomba bado, Agano Jipya limefunguliwa juu ya kanga iliyokunjwa magotini. Kidole cha shahada kinatambaa chini ya mstari. Midomo inacheza. Akikutana na neno refu, kidole kinasimama. Analivunja vipande, analiunga tena, anatabasamu, kidole kinaendelea.

Alipofariki, mama yangu akanipa kile kitabu. Kwenye pembe za kurasa, chini upande wa kulia, karatasi imekuwa nyeusi na laini kwa mafuta ya vidole. Lakini si kurasa zote. Yohana imechakaa. Warumi imechakaa, hasa sura ya 8. Sehemu nyingine ni safi. Ukikishika kitabu kile, chenyewe kinakuonyesha mahali alipokuwa anakaa. Sasa nenda kashike Biblia yako leo usiku, uipapase kurasa zake kwa kidole. Utajua unakaa wapi. Na kama kurasa zote ni nyororo kama zilivyotoka dukani, hilo nalo utalijua.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka watu wa uamsho. Wengi wetu tumelelewa na bibi au babu aliyeokoka wakati ule. Mnajua ulianzia wapi? Mwaka 1929, daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, alitoka Gahini nchini Rwanda akaenda Kampala. Alikuwa amechoka. Rwanda ilikuwa imetoka kwenye njaa kali, kazi ya hospitali ilimwelemea, na moyoni alijiona amekauka. Pale kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Hawakuitisha mkutano wa hadhara. Hawakufunga spika. Walikaa siku mbili na Biblia zao, Mzungu na Mwafrika, mambo ambayo wakati ule hayakuwa ya kawaida, wakafuatilia andiko baada ya andiko lile linalosemwa juu ya Roho Mtakatifu. Miaka ya 1930 moto ule ukawaka Gahini, ukaenda Uganda, Burundi, Kenya, ukavuka ukafika kwetu hapa. Sisi tunasimulia ushuhuda, machozi na nyimbo. Tunasahau kwamba kabla ya nyimbo kulikuwa na watu wawili wamekaa, wamefungua kitabu, wanasoma.

Kwa hiyo kimetupata nini?

Katika Wafalme wa Pili, sura ya 22, mna habari inayonichoma kila ninapoisoma. Mfalme Yosia anatengeneza hekalu lililochakaa. Mafundi wako kazini, fedha zinahesabiwa, na Hilkia kuhani mkuu anasema: nimekiona kitabu cha torati katika nyumba ya Bwana. Amekiona! Maana yake kilikuwa kimepotea. Kilipotea wapi, ndugu zangu? Hakikupotea vitani. Hakikuibwa na Waashuri. Kilipotea ndani ya nyumba ya Bwana, na ibada zikaendelea. Mfalme aliposomewa, alirarua mavazi yake.

Nimeingia nyumba nyingi za waumini kuona wagonjwa. Biblia ipo. Ipo kwenye kabati la vioo pamoja na glasi za wageni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Au ipo chini ya mto wa mtoto ili asiote ndoto mbaya. Wapendwa, niseme wazi: kitabu hiki si hirizi. Kikiwa kimefungwa hakimlindi mtu. Kimeandikwa ili kifunguliwe.

Sasa niwaambie habari yangu, maana najua hapa wapo ambao hawakosi nia. Nia wanayo kila Januari. Wanashindwa njiani.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliamua kuimaliza Biblia ndani ya mwaka mmoja. Nilipiga hesabu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo ni sura tatu na zaidi kidogo kila siku. Ndugu zetu Wakatoliki wenye vitabu 73 wana kazi kubwa zaidi. Mwanzo ilikwenda kama maji ya mteremko: Ibrahimu, Yakobo, Yusufu, unasoma huku chai inapoa. Kutoka ikaenda vizuri mpaka bahari ikapasuka. Kisha nikaingia kwenye mbao za hema, mapazia, vikuku na vitako vya fedha. Mapema Februari nikafika Walawi sura ya 13, habari za ukoma. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, macho yanauma, na nina deni la siku nne ambazo sikusoma. Nikaweka ule utepe mwekundu pale, nikasema nitarudi kesho.

Utepe ule ulilala kwenye Walawi 13 miaka kumi na mmoja.

Aliyenifungua hakuwa mhubiri. Alikuwa mgonjwa. Mama mmoja mtu mzima, amelazwa kitanda cha karibu na dirisha, macho yamefifia kwa mtoto wa jicho. Usiku wa pili akaniita: "Mwanangu, una Biblia? Nisomee kidogo tu." Nilikuwa na ile ndogo kwenye mkoba. Nikamuuliza anataka wapi. Akasema, "Marko. Anzia mwanzo." Nikaanza. Nilipofika kama mstari wa nane akainua mkono: "Inatosha. Acha nilale nayo."

Nikashangaa. Mistari minane? Kesho yake usiku akaniita tena, na kabla sijafungua akaanza kuniambia alichokuwa anakiwaza mchana kutwa: kwa nini Yohana alikula nzige, nani alimshonea lile vazi la singa za ngamia. Mimi nilikuwa nimeisoma habari ile mara nyingi na sikuwahi kumwona Yohana amevaa chochote. Nikasoma fungu jingine. Akainua mkono. "Inatosha."

Mnakumbuka mana, Kutoka sura ya 16? Wana wa Israeli waliambiwa waokote kila mtu kwa kadiri ya ulaji wake, kichwa pishi. Watu wa zamani wanaijua pishi: vibaba vinne. Pishi, si gunia. Aliyeokota zaidi hakubakiwa na kitu, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Na waliojaribu kuweka akiba hadi asubuhi, ikaingia mabuu, ikanuka. Mimi ule mwaka wa kwanza nilikwenda na gunia. Nilitaka kuokota ya mwaka mzima. Mama yule kipofu alikuja na pishi yake kila usiku, akashiba, akalala.

Anza na pishi, kijana wangu. Usianze na gunia. Anza na pishi ya leo.

Pishi yako ni kiasi gani? Fungu moja. Pale ambapo kisa kimoja kinaanza na kuisha. Marko ina sura 16 tu, na ukiisoma mfululizo kwa sauti unaimaliza kwa saa moja na nusu hivi, lakini wewe usikimbie. Chukua kisa kimoja kwa siku. Na kifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa. Mimi nilikifunga kwenye birika. Asubuhi nikishabandika chai, nakaa kwenye kigoda palepale jikoni, na mpaka maji yachemke sina kazi nyingine. Ile ndiyo saa yangu. Sikutafuta muda mpya. Muda mpya haupo, wote tunajua. Dereva wa bodaboda hapa anaposubiri abiria kijiweni, yule wa kwanza asubuhi, ana dakika zake. Mwanafunzi anasubiri daladala. Mama ananyonyesha saa kumi usiku, mkono mmoja uko huru. Kama unasomea kwenye simu, zima data kwanza. Nasema hivyo kwa kuwa nimejaribu, na nimeona ujumbe mmoja wa kikundi cha harusi unavyoweza kummeza Marko mzima.

Na usifungue popote tu palipojifungua. Wapo wanaofumba macho, wanafungua, wanaweka kidole, wanasema Bwana amesema nami. Barua ya mzazi wako huisomi hivyo, unaanza juu unashuka chini. Neno la Mungu ndilo tulisome kwa kudonoa?

Sasa niwapeleke kwenye usiku wa nne au wa tano, maana ndio ulionigeuza. Mniwie radhi nikikaa hapa kidogo.

Tulifika Marko 1, mstari wa 40. Mwenye ukoma anakuja, anapiga magoti, anasema: ukitaka, waweza kunitakasa. Yesu anamhurumia, ananyosha mkono, anamgusa, anamwambia: nataka, takasika. Nikaendelea kusoma. Mama akanikatiza: "Rudi. Alimgusa kabla hajapona, au alipokwisha kupona?"

Nikarudi. Ndugu zangu, rudini na ninyi mkatazame. Alimgusa kwanza. Anagusa, ndipo anasema takasika, ndipo ukoma unaondoka. Nilisimama pale na taa ya mkononi, mimi muuguzi, niliyefundishwa kuvaa glavu kabla ya kumgusa mgonjwa, na sikuwa nimeuona mpangilio ule siku zote.

Asubuhi nilipofika nyumbani sikulala. Nilikwenda kuitafuta ile Biblia kubwa. Utepe uko palepale. Walawi 13. Na safari hii nikaisoma kama mtu wa wodini. Kumbe ni sura ya uchunguzi! Kuhani anatazama ngozi. Anatazama kama malaika, yaani vinyweleo vya mwilini, yamegeuka meupe. Anatazama kama pigo limeingia ndani kuliko ngozi. Akiwa na shaka hahukumu. Anamtenga mgonjwa siku saba, anamtazama tena, akiwa bado na shaka anamtenga siku saba nyingine. Mnisikilize: kuangalia, kutenga, kurudia kuangalia, kutangaza matokeo. Kazi ninayoijua. Na wala ugonjwa wenyewe si lazima uwe ule ukoma tunaoutibu leo kwa vidonge. Neno lao lilikusanya mapigo mengi ya ngozi, hata madoa ya nguo na ya kuta za nyumba. Sura iliyonishinda nikiwa na haraka ilikuwa imejaa watu.

Nikafika mstari wa 46. Yule aliyeonekana ana ukoma atakaa peke yake, na makazi yake yatakuwa nje ya marago. Nje ya kambi. Mbali na mkewe, mbali na soko, mbali na ibada. Mtu aliyempigia Yesu magoti alikuwa hajaguswa kwa muda gani? Marko hasemi. Lakini sisi tunaoshika wagonjwa tunajua ngozi isiyoguswa inavyoitikia mkono.

Nikarudi Marko niisome hadi mwisho. Yule mtu anapona, anakwenda kutangaza habari kila mahali, na mstari wa 45 unasema Yesu hakuweza tena kuingia mjini kwa wazi, bali alikuwako nje, mahali pasipokuwa na watu. Mmeona? Mwenye ukoma alikuwa nje, sasa yuko mjini. Yesu alikuwa mjini, sasa yuko nje. Wamebadilishana mahali. Nililia pale mezani, na sikuwa nimesikiliza mahubiri yoyote. Nilikuwa na mistari sita, swali la bibi mmoja kipofu, na utepe uliolala miaka kumi na mmoja.

Hiyo ndiyo maana ya kusoma ninayowaombea. Uliza maswali ya mtoto. Nani yuko hapa? Amesimama wapi? Nani alitangulia kufanya nini? Kwa nini neno hili na si lingine? Huhitaji digrii. Nunua daftari la kurasa 48, la shule, uandike swali moja kila siku. Si lazima uandike jibu. Madaftari yangu ya zamani yana maswali ambayo majibu yake yalikuja miaka mitano baadaye, na mengine bado nayasubiri.

Niguse jambo jingine, na nitaligusa kwa upendo. Matendo 17, mstari wa 11. Paulo anafika Beroya. Anahubiri. Na watu wa Beroya wanasifiwa kwa maneno haya, kwamba walikuwa waungwana kuliko wale wa Thesalonike, kwa kuwa walilipokea lile neno, wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo. Waliotutafsiria wakachagua neno waungwana. Wazee, muungwana kwa Kiswahili cha asili ni nani? Si mtu mpole tu. Muungwana ni mtu huru, asiye mtumwa wa mtu. Na neno la Kigiriki lililotumika pale nalo lina maana ya mtu wa uzao bora.

Walimchunguza nani? Mtume Paulo! Paulo alihubiri mchana, jioni wakafungua vyuo vyao, yaani vitabu vyao vya Maandiko, kuona kama alisema kweli. Wala Paulo hakununa. Luka anawasifu. Basi kama Paulo alichunguzwa, ni mhubiri gani wa leo asiyepaswa kuchunguzwa? Vijana wangu, mnauziwa mafuta, mnauziwa maji, mnauziwa vitambaa, mnaambiwa panda mbegu ya laki moja uvune milioni. Nimepokea wodini wagonjwa walioacha dawa zao za shinikizo la damu kwa sababu mtu aliwaambia imani inatosha. Wengine walifika tumechelewa. Siwezi kulizungumza hili nikacheka. Mtu asiyesoma anabebwa na mdomo wowote wenye spika kubwa. Anayesoma atauliza: imeandikwa wapi? Na mimi ninayesema hapa, nichunguzeni. Mistari yote niliyoitaja, nendeni mkaitazame.

Je, maana yake kila mtu ajifungie chumbani na Biblia yake, asimsikilize mtu? Hapana. Kumbukeni yule towashi Mwethiopia, Matendo 8, Mwafrika mwenzetu, mtunza hazina wa malkia. Yuko garini, njia ya kushuka Gaza, anasoma chuo cha Isaya. Filipo anakimbia na kumsikia anasoma. Amsikie vipi kama anasoma moyoni? Alikuwa anasoma kwa sauti. Jaribuni hilo nyumbani: someni kwa sauti, hata ya chini. Sikio linakamata kilichorukwa na jicho, na watoto wako kitandani wanasikia. Filipo anamuuliza: je, yamekuelea haya unayosoma? Yule mkubwa, mwenye gari lake na cheo chake, anajibu: nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza? Hakuona haya. Akampandisha Filipo, wakakaa pamoja.

Tafuta Filipo wako. Mtu mmoja tu, mkutane mara moja kwa wiki, Jumatano au Jumamosi, kila mmoja na daftari lake. Asiyeweza kusoma, aje na masikio yake. Biblia za kusikiliza zipo kwenye simu, na hata yule mama wa kwenye wodi hakusoma herufi moja lakini ndiye aliyekuwa msomaji kuliko mimi.

Na mshukuruni Mungu kwamba mnasoma kwa lugha mnayoielewa. Haikuja hivihivi. Tarehe 8 Juni 1844, kule Mombasa, mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, sheikh Mwislamu aliyekuwa rafiki yake. Mwezi uliofuata mkewe Rosine akafa kwa homa, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga, binti aliyezaliwa majuzi tu. Akawazika, akarudi mezani kwenye karatasi zake. Wengine walikuja baada yake, wa Unguja na wa bara, wakabishana juu ya maneno kwa miongo mingi, mpaka likapatikana toleo la 1952, hilo la Union ambalo wengi wenu mmelishika hapo mkononi. Kila ninapoona neno la zamani kama marago, nawaza watu waliokesha wakiuliza: Mswahili analiitaje hili?

Nimebakiza jambo dogo, nalo ni la siku mbaya. Zitakuwepo. Utasoma na usihisi kitu. Utasoma Hesabu sura ya 7, sadaka zilezile za wakuu kumi na wawili zimerudiwa mara kumi na mbili, na moyo umelala. Soma hivyohivyo. Chakula cha jana mchana hukikumbuki, lakini kimekusimamisha mpaka hapa. Na utaruka siku. Utauguliwa, utasafiri, utafiwa. Ukiruka siku, usilipe deni! Nilishindwa miaka ile kwa sababu ya deni. Mana ya jana imeshanuka, iache. Okota ya leo.

Yule mama aliruhusiwa tukiwa Marko sura ya 9, pale baba wa mtoto mgonjwa anaposema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Alifungasha vitenge vyake, akanishika mkono akaniuliza tumefikia wapi, nikamwambia. Akasema, "Basi wewe endelea, mimi nitamtafuta mjukuu anisomee." Usiku ule kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine amelala fofofo. Nilikaa pembeni ya dirisha, nikawasha taa ya mkononi, nikaendelea sura ya 9 peke yangu.

Sasa naona saa ya Mchungaji, na kwaya inajiandaa. Lakini sitaki tutoke hapa tukiwa tumesikiliza tu. Tuna dakika kumi. Toeni Biblia zenu, wenye simu zimeni data. Asiye na Biblia asogee kwa jirani yake. Marko, sura ya 1, mstari wa 1 hadi wa 8, halafu tunafunga. Mama uliye pale mbele mwenye kitenge cha kijani, una sauti nzuri, tusomee wewe, polepole. Ninyi wengine wekeni kidole chini ya mstari.